Msalaba wa Fortunato

Wenzangu wa Punta Redonda, wengi wenu mlikuwapo ukumbini usiku ule, kwa hiyo nikikosea mtanirekebisha. Lakini habari hii haikuanzia ukumbini. Ilianzia mezani kwa mdogo wangu Nélida, Jumapili moja kabla.

Tulikuwa tumemaliza supu ya samaki na viazi. Nélida alikuwa anashonea shanga za mwisho kwenye gauni la binti yake Yadira, ambaye Jumamosi iliyofuata angetimiza miaka kumi na mitano. Siku hiyo kwetu mnaijua: ukumbi, keki, na baba kucheza valsi ya kwanza na binti yake mbele ya watu wote. Nyumba ilikuwa imetulia. Ndipo shemeji yangu Edilberto, baba yake Yadira, aliposogeza sahani, akakunjua karatasi akatusomea.

Ilikuwa mipango ya kuvua papa. Saa ya maji kujaa, ukubwa wa ndoana, urefu wa waya wa chuma, jodari wawili wa chambo. Rafiki yake Percy angepeleka chambo kwa kayaki, mbali kupita mawimbi, naye Edilberto angebaki jabalini, juu ya bahari, na fimbo yake ya kuvulia.

"Jumamosi ipi?" Nélida aliuliza.

"Hiyo hiyo. Maji makubwa ya bamvua hayanisubiri mimi. Saa tisa nimeanza, saa kumi na moja nimemaliza, saa moja nimeshaoga."

"Na ukinuka jodari kwenye valsi, baba?" Yadira alisema.

"Watajua umechezeshwa na mwanamume, si na muuza manukato."

Tukacheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko hicho sijajisamehe. Maana miaka mitatu yote mwenye nyumba ile alikuwa papa. Yadira alipopewa cheti shuleni, baba yake alikuwa jabalini. Mimba ya Nélida ilipoharibika, mumewe alikuwa jabalini. Paa lilivuja, kiwandani alionywa mara mbili, na sisi tulisema, "Mwacheni, heri samaki kuliko pombe."

Nikamuuliza, "Shemeji, papa akikuvuta, nani atakushika wewe?"

"Baba," akajibu. "Najifunga kamba kiunoni, ncha ya pili naifunga kwenye msalaba wake pale jabalini. Alinishika nikiwa mdogo, atanishika tena."

Mama yake, Teófila, alikuwa ameketi karibu na jiko. Akaacha kutafuna. "Baba yako hakuweza kujishika mwenyewe," alisema.

Edilberto akainuka, akaibandika karatasi kwenye mlango wa friji.

Fortunato, mumewe, alichukuliwa na wimbi pale pale jabalini, Edilberto akiwa na miaka kumi na miwili. Familia ilitoboa jabali, ikasimamisha msalaba wa chuma, ikamwaga saruji. Tangu hapo, kila siku ya marehemu mwezi wa Novemba, tulikwenda na maua, chupa ya bia na kopo la rangi ya fedha. Rangi juu ya rangi, miaka ishirini na sita. Uling'aa hata wenye mashua waliutumia kama alama.

Jumamosi ile bahari ilikuwa shwari. Nataka mlijue hilo, kwa sababu kuna wanaosema ni wimbi. Percy ndiye aliyeona, na ameniapia. Alitupa chambo, akageuza kayaki, na kabla hajafika nusu ya njia akasikia kigurudumu cha mshipi kikilia. Edilberto alikuwa amejiegemeza nyuma, kamba imekaza, anacheka.

"Percy, mwambie Nélida aongeze kiti, nakuja na mgeni!"

Kisha akaegemea kwa uzito wake wote, na msalaba ukang'oka. Bila kishindo, Percy anasema, kama jino bovu. Edilberto akatangulia majini, na chuma cha baba yake kikamfuata, kimefungwa kiunoni mwake.

Percy alizunguka na kayaki mpaka jua likazama. Alipata kofia tu.

Saa mbili bendi ilikuwa tayari. Yadira alisimama katikati ya ukumbi, mikono ameishika mbele. Mlango ukafunguliwa, akaingia Percy peku, maji yanamchuruzika. Yadira alidhani ametumwa.

"Mwambie aje hivyo hivyo alivyo," alisema. "Sijali harufu."

Wapiga mbizi walimtoa Edilberto Jumanne, bado amefungwa kwenye msalaba. Uliletwa uani kwa Nélida. Nilichukua kisu cha jikoni nikakwangua sehemu ya chini. Rangi ilitoka tabaka kwa tabaka, ngumu, nzuri. Ndani hapakuwa na chuma. Palikuwa na kutu unayoweza kuipenya kwa kidole.

Teófila alitazama. "Mimi nilikuwa nampamba Fortunato," alisema. "Miaka yote nilidhani nampamba."

Pale jabalini limebaki shimo lenye duara la rangi ya fedha. Maji yakijaa hulifunika, yakitoka huliacha linang'aa. Teófila amekataa msalaba mwingine kusimamishwa.

Ile karatasi ya mipango bado iko kwenye mlango wa friji. Juzi nilikwenda kuitoa, Yadira akanizuia mkono. Ndipo nikasoma mstari wa mwisho, ambao Jumapili ile hakutusomea: "Saa 2, valsi. Nisimkanyage gauni." Jioni ikifika saa mbili, msichana huzima redio.

FUNZO

Msiniambie Edilberto hakuwapenda watu wake. Aliwapenda, akawaandika mstari wa mwisho, baada ya ndoana, waya na jodari. Mwenye nyumba anayewapa watu wake saa zinazobaki, ipo siku hazitabaki.

Na sisi tuliokaa mezani tusijitoe. Tuliona kutu tukapaka rangi: tukaita uraibu burudani, tukacheka, tukaongeza supu. Ukiona kimeoza nyumbani kwa ndugu yako, kwangua hata akikukasirikia. Mimi niliuliza swali moja, nikapewa jibu baya, nikanyamaza. Nilishika kopo la rangi kama wengine.