Mkanda wa Evaristo

Breki zilipokataa, Nélida Curapil hakupiga hata ukelele. Alirudisha gia kwa nguvu, akaliingiza gari la marehemu baba yake kwenye tuta la changarawe. Likang'oa vichaka, likayumba, likasimama hatua kumi tu kutoka ukingo wa mteremko. Chini kabisa ulionekana mto, na ng'ambo yake mabati ya mji.

"Tumefika?" aliuliza Evaristo kutoka kiti cha pembeni.

"Bado, shemeji. Nusura tufike kwa mpigo mmoja."

Evaristo, mume wa dada yake, alikuwa mkata manyoya ya kondoo. Siku tatu nyuma mkasi ulimpasua kiganja cha kulia. Alikifunga kitambaa, akaendelea kukata, maana wanaume wa nyanda zile za Patagonia ni vichwa vigumu, na nasema hivyo baada ya kuishi nao miaka kumi na tisa. Sasa mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na mstari mwekundu ulikuwa ukipanda kuelekea kwapani. Wasipofika hospitali leo, mkono utakatwa, kama roho haitatangulia. Lori la shamba lilikuwa limepeleka sufu bandarini. Lililobaki ni gari hili la mwaka 1929, na katika barabara ile waweza kukaa siku mbili usipishane na mtu.

Nélida alilala chali chini ya gari. Upepo ulimjaza mchanga machoni. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa linavuja grisi nyeusi, na breki zake zilikuwa zikiogelea humo. Alifungua kizibo cha giaboksi, akatumbukiza kidole. Kilitoka kikavu.

"Evaristo! Nani amekuwa akitia oili kwenye difu, hili sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma?"

Evaristo alijifanya anautazama mto.

"Shemeji, nakuuliza wewe."

"Ni mimi. Kila Jumapili nikiona tone pale chini, najazia. Nililionea huruma."

"Huruma! Propela ya gari hili, chuma kinachotoka giaboksi hadi difu, inapita ndani ya bomba. Oili ya giaboksi inatambaa humo mpaka nyuma. Difu ilikuwa imeshajaa, nawe unaongeza! Ingetokea wapi kama si magurudumuni?"

"Basi nipige. Lakini piga upande wa kushoto."

Nélida alicheka bila kupenda. Alimpa chupa ya maji, iliyobaki nusu. "Kunywa yote. Mimi sina kiu." Alikuwa na kiu kali.

Alifungua difu kwa chini, oili ya ziada ikajaa birika lao la kuchemshia yerba mate, chai chungu ya majani ya huko. Akawasha vichaka mahali pasipofikiwa na upepo, akayeyusha mafuta ya kondoo waliyobeba kwa chakula, akayachanganya na ile oili mpaka ikawa nzito kama uji, isiweze kutambaa upesi. Akairudisha kwenye giaboksi. Kisha akalegeza nati ya gurudumu, akalisogeza gari mbele na nyuma mpaka habu, kitovu cha gurudumu, ikaachia yenyewe kwa kishindo. Hakuwa na kifaa cha kuivutia, na hakukihitaji. Yule mama alikuwa fundi!

Sili ya ndani, ile pete ya ngozi inayozuia oili isifike kwenye breki, ilikuwa imeoza, inamomonyoka vidoleni.

"Nahitaji ngozi," alisema.

Evaristo alijitazama kiunoni. Mkanda wake ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, mpana kama kiganja. Aliuchonga nakshi mwenyewe majira ya baridi mazima, akauvaa siku ya harusi. Katika nyanda zile hapakuwa na fundi wa ngozi wa kumfikia. Aliufungua kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji, huo hapana."

"Kata. Mimi nitakuelekeza."

Pete ya kwanza ilikwenda upande, haikufaa. Ngozi iliyobaki ilitosha pete moja tu. Nélida akakiweka kisu tena juu ya ngozi.

"Unasukuma kisu," Evaristo alisema, jasho la homa likimtiririka. "Kisu kitulie. Zungusha ngozi." Alishika ncha moja kwa meno na nyingine kwa mkono mzima, akaivuta ikakaza. Nélida alizungusha polepole, pumzi ameibana. Pete ikatoka duara kamili.

"Sasa ichovye kwenye mafuta ya moto. Isiguse maji. Upande laini uelekee chuma."

Aliibana mahali pake, akasafisha breki kwa petroli, akazikausha kwa jivu, akafunga kila nati. Jua lilikuwa limeinama. Evaristo alikuwa ameanza kuongea na farasi aliyekufa zamani.

Walishuka kwa gia ya kwanza. Kona ya kwanza, breki zikashika. Ya pili, zikashika. Nélida alikuwa akilia huku akiendesha, na giaboksi ilinuka nyama choma mpaka darajani.

Evaristo aliingia hospitali kwa miguu yake, mkono wa kushoto umeshikilia suruali. Muuguzi akamwambia akaze mkanda, asimvulie nguo mlangoni.

"Mkanda wangu uko kazini," alijibu, akaanguka.

Daktari alisema wangechelewa hadi asubuhi, mkono ungekwenda. Evaristo alipoteza kidole kimoja tu. Baada ya wiki tatu Nélida alikuja kumchukua na sili mpya ya dukani mfukoni.

"Leo nakutolea ngozi yako, shemeji."

Evaristo alichuchumaa kwa shida, akapitisha kidole chini ya lile gurudumu kutafuta oili. Kilitoka kikavu.

"Iache," alisema. "Nifungie kamba tu kiunoni, twende nyumbani."