Kimya cha Mama Mukantwari

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa, mtaa wa Kimisagara umeshaamka na kelele zake, na Ntare alikuwa na kazi moja tu mezani: kusafisha wimbo wa marehemu mama yake. Studio yake ilikuwa chumba cha uani, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja, spika mbili, na maiki aliyoitunza kama mboni ya jicho. Hapo alirekodi vijana wa mtaani na kwaya za kanisa, na wote walimjua kwa usumbufu wake mmoja. Kabla hujaimba, lazima ukae kimya kwanza, hata uwe nani. Aliurekodi ule ukimya wa chumba, kisha akaifundisha kompyuta kwamba huo ni uchafu, popote itakapoukuta iufute.

Mama yake, Mukantwari, naye hakusamehewa. Wakati huo Kamikazi, dada yake Ntare, alikuwa mjamzito, na mama, ambaye tayari ugonjwa ulishamshika, alitaka kumwachia mjukuu igihozo, wimbo wa kubembelezea mtoto, aliotunga mwenyewe. Akaketi kwenye kigoda mbele ya maiki, akatulia kama alivyoambiwa. Baadaye akageuza shingo taratibu, akatazama nyuma yake. Kwa Kiswahili chake cha Karagwe alikokulia, akanong'ona, "Haya mwanangu, tumetulia sisi wote."

Nyuma yake kulikuwa na godoro na ukuta. Ntare alicheka, akadhani ni utani wa wazee, akamwambia aanze kuimba.

Mama hakumwona mjukuu. Alizikwa wiki chache kabla mtoto hajazaliwa, mtoto wa kike, na Jumapili hii ndiyo ilikuwa kwita izina, siku ya kumpa jina, ambapo kila mgeni husema kwa sauti jina analomchagulia mtoto. Kamikazi alipiga simu kuomba jambo moja.

"Musaza wanjye, kaka yangu, mtoto asikie sauti ya bibi yake," alisema. "Mimi sina kingine cha mama cha kumpa."

Basi Ntare akakata kile kimya cha mwanzo, akakiweka kwenye faili aliloliita Uchafu, kama alivyofanya kwa kila mwimbaji. Akaifundisha kompyuta, akausafisha wimbo, kisha akauhifadhi juu ya ule wa asili. Nakala nyingine hakuwa nayo. Fundi mzima, miaka yote hiyo kazini, na akafanya kosa ambalo angemchapia mwanafunzi.

Alipobonyeza asikilize, sauti ya mama ilianza vizuri, tamu, ya karibu. Ilipofika pale anapomwita mtoto, ikakatika. Neno moja likamezwa, sauti ikarudi, kisha kompyuta ikaganda na kuzima yenyewe.

Mambo hayo fundi wa muziki ameyazoea, kwa hiyo hakushtuka. Aliipa kompyuta nafasi zaidi ya kukusanya sauti kabla ya kuitoa. Alifunga programu zote nyingine, akakata intaneti, akabadilisha waya, akasasisha programu ya kadi ya sauti. Akafungua kasha, akapuliza vumbi, akaelekeza feni humo ndani. Kila alipoiwasha, wimbo ulikatika palepale na mashine ikazima. Akaanza kumshuku Salvator, mchomeleaji wa pale bondeni, kwamba mashine yake inavuta umeme wa mtaa mzima. Akateremka kumwomba apumzike kidogo. Salvator hakuwa na neno. Alivua miwani, akaagiza chai, akasubiri.

Wimbo ukakatika hivyo hivyo. Na safari hii Ntare aligundua jambo jipya. Pengo lilikuwa limekua. Mwanzo lilikuwa neno, sasa lilikuwa mstari mzima, na siku iliyofuata likawa ubeti. Kila mashine ilipozima, ilirudi na wimbo uliopungua. Akaogopa kuiwasha, akaogopa kuiacha, na usingizi ukamhama.

Alhamisi aliibeba hadi Nyamirambo kwa Shabani Nkusi, fundi wa kompyuta aliyemwamini kuliko wote. Nkusi aliipima mchana kutwa. Mwisho akauhamishia wimbo kwenye mashine yake mwenyewe, akavaa hedifoni, akasikiliza. Akazivua haraka, akaziweka mbali kidogo na mkono wake.

"Ndugu yangu, mashine yako iko sawa," alisema, sauti imeshuka. "Hata kwangu hii wimbo inakatika palepale. Na ndani ya pengo iko mtu anapumua. Wewe ulitoa nini humu?"

Ntare alijibu kwamba hakutoa kitu, alitoa kimya tu. Nkusi hakutaka malipo. Alimsaidia kubeba mashine hadi kwenye teksi, wala hakumuuliza zaidi.

Jumamosi mchana mvua ilinyesha. Salvator alikuwa amefunga, watoto wako ndani, mtaa umetulia. Wimbo ulikuwa umebaki ubeti wa mwanzo na mvumo wa mama wa kufungia, na kesho ndiyo sherehe. Ntare alilia pale mezani, mtu mzima, kichwa juu ya kibodi. Kisha akafungua lile faili la Uchafu na kupandisha sauti hadi mwisho.

Kwanza alisikia pumzi za mama, nzito, zenye kikohozi kwa mbali. Alizitambua. Kisha akasikia pumzi nyingine. Nyepesi. Na nyingine. Zilikuwa nyingi, zimebanana, kama watu waliojazana chumbani na kuambiwa wanyamaze. Kisha mama akanong'ona ile kauli yake, tumetulia sisi wote.

Wote. Yeye alikuwa amewaita uchafu.

Akajaribu kukirudisha kile kimya mahali pake. Kompyuta ikazima. Alipoiwasha, faili lilikuwa tupu.

Hakukuwa na njia nyingine. Akafungua maiki, akaketi kwenye kigoda cha mama, akarekodi kimya upya. Mvua ilikuwa imekatika. Alibana pumzi. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa sauti ukaanza kutikisika. Ukapanda. Ukashuka. Yeye alikuwa hajapumua.

Shingo yake ikapata joto, kwa nyuma. Hakugeuka.

"Nisameheni," alinong'ona. "Chukueni mnachotaka kwangu. Nirudishieni wimbo wa mama."

Mstari ukalala.

Alipoisikiliza rekodi hiyo, pumzi zilikuwamo zote. Maneno yake hayakuwamo. Pale alipozungumza palikuwa peupe. Hakujali, kwa jinsi alivyokuwa na haraka. Akaubandika ule ukimya mwanzoni mwa wimbo, akafumba macho, akabonyeza. Mama akaimba. Akamwita mtoto. Akaimba beti zote, neno kwa neno, hadi mwisho, na kompyuta haikutikisika.

Jumapili, nyumbani kwa Kamikazi kule Kicukiro, watu walilia na kucheka kwa pamoja. Mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi, lakini spika zilipotoa ile pumzi ya kwanza, kabla hata wimbo haujaanza, alinyamaza. Kisha wageni wakataja majina, mmoja baada ya mwingine. Ntare naye alisimama akataja lake, wakampigia makofi. Wazazi wakamchagua Ihirwe.

Siku chache baadaye Kamikazi akawa anatazama video ya sherehe. Kila mgeni anasikika. Ikifika zamu ya Ntare, midomo inacheza na sauti hakuna. Makofi yanasikika, vilio vya watoto vinasikika, ila yeye tu. Na mtoto, mikononi mwa mama yake, anatazama nyuma ya bega la mjomba wake, anatabasamu.

Kamikazi akamwandikia. Aliona aibu kuuliza, lakini hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyekumbuka jina alilolitaja. Ntare akabonyeza simu, akalisema polepole, akatuma.

Jibu lilikuja upesi. "Musaza wanjye, umetuma kimya. Na ni nani hao wanapumua hapo kwako?"

Akajaribu tena kwenye maiki yake nzuri. Akazungumza, akaimba, mwisho akapiga kelele hadi koo likauma. Kwenye kioo hapakuwa na kitu. Aliwaambia wachukue wanachotaka kwake, nao wamechukua sauti yake isibaki kwenye rekodi yoyote. Mama atamwimbia Ihirwe miaka na miaka, na yeye, siku akifa, hakuna atakayewahi kumsikia tena. Alipolielewa hilo, alinyamaza.

Hapo ndipo mstari ulipoanza kutikisika.