Gari Lililoteleza Uani

Nilitoka kununua mkate wa ajemi, hilo tu. Jua lilikuwa linazama, duka la mkate liko karibu na nyumba yetu hapo Jang'ombe, na mdogo wangu Afra nilimwacha kitandani, mlango wa chumba umerudishwa. Niliporudi, mkate ungali wa moto mikononi, nilipitia mlango wa uani ili nisikutane na majirani wenye maswali.

Uani palikuwa na mwanga.

Mwanga wa njano. Unawaka… unazimika. Unawaka… unazimika. Ulitoka ndani ya gari la marehemu mume wa Afra.

Afra alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Kanga imemfunika kichwa, tumbo linagusa usukani, na mikono yote miwili ameiweka pale ambapo mumewe alikuwa akishika.

"Afra! Umerukwa na akili?" nilimwambia. Mimi si mtu wa kubembeleza, na wanaonijua wanajua. "Mja mzito, tena mwenye eda, magharibi yote hii, uko nje?"

Hakunigeukia. Alinong'ona tu.

"Dada, nyamaza. Anateleza."

Nilimtoa kwa kumvuta mkono. Ufunguo niliuchomoa, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu, nikamlaza na kumsomea. Mkate hakuna aliyeula.

Mumewe, Mansour, alifariki masika ya mwaka ule, 2002. Ndiyo miaka ambayo magari makuukuu ya Kijapani yalikuwa yakishuka kwa wingi bandarini Malindi, na kila aliyepata moja alitembea kifua mbele. Mansour alilipenda gari lake kupita kiasi. Nilikuwa nikimtania Afra kwamba kaletewa mke mwenza kutoka Japani, tena mwenye kunywa petroli. Jioni wawili hao walikaa mle ndani, gari haliendi popote, Mansour akimfundisha mkewe taa za dashibodi.

"Nyekundu ni amri, bibi," alikuwa akimwambia. "Ukiiona, simama uzime. Njano ni nasaha. Nenda, lakini angalia. Kijani na buluu usijishughulishe nazo, hizo zakupa habari tu."

Taa aliyoipenda zaidi ilikuwa ya njano, picha ya kigari chenye mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake.

"Hii ndo akili ya gari," alisema. "Tairi likikosa kushika ardhi, gari yenyewe inajua. Yenyewe inapunguza nguvu, yenyewe inabana breki. Dereva hana kazi."

Maskini Mansour. Siku moja ya mvua alikuwa akirudi kutoka shamba, upande wa Kizimbani, kwenye njia ya udongo mwekundu. Gari liliteleza likaingia bonde la mpunga, na tope likabana milango. Walimkuta asubuhi yake, mikono juu ya usukani, hana hata mchubuko. Daktari alisema ni moyo. Petroli ilikuwa imekwisha yote na matairi yamezama pale pale, maana yake alihangaika kutoka mpaka pumzi ikamwishia.

Alimwacha Afra na mimba. Ilikuwa mimba ya kwanza, waliyoiomba tangu harusi yao mpaka watu wakachoka kuwauliza. Kwetu eda ya mjamzito haihesabiwi kwa miezi, inakwisha siku anapojifungua. Basi Afra alirudi kwangu kukaa eda yake, na gari likavutwa likaletwa uani kwa sababu alikataa katakata liuzwe. Mimi nilikuwa na kazi moja tu duniani. Kumfikisha mdogo wangu kwenye siku hiyo, yeye na mtoto wake, salama salimini. Cherehani yangu, niliyokuwa nikishonea watu, ilipata vumbi kwa ajili ya kazi hiyo.

Kumbe nilipokuwa nikidhani amelala, alikuwa akienda kwenye gari.

Jirani yetu Bi Mwatum, mkunga wa mtaa mzima, nilipomweleza alifunga mdomo kwa kiganja.

"Mfungie milango kabla adhana haijatoka," aliniambia. "Na umuonye. Akiitwa magharibi na asiyemuona, asiitike. Mtu akiita asipojibiwa, ataita tena. Kile kingine huita mara moja tu. Ukishaitika, ushakwenda nacho."

"Bi Mwatum, kile ni kigari kibovu," nilimjibu. "Nitaita fundi."

Nilimwita Jaku, fundi magari wa mtaa wa Amani, mtu mpole, mikono yake haitoki mafuta. Nia yangu ilikuwa Afra asikie kwa masikio yake kwamba taa ni waya na balbu, basi. Mwenye eda haonekani na mwanamume wa kando, kwa hiyo tulimweka Afra ndani, nyuma ya pazia la dirisha la uani, na mimi nikasimama na Jaku penye gari.

Aliwasha. Taa zote ziliwaka pamoja, kisha zikazimika moja moja. Ile ya kuteleza ilibaki kidogo, nayo ikazimika.

"Bi Khairat, hapa nzima," alisema. "Hii ukiwasha lazima iwake, inajipima, kisha izimike. Ikibaki imewaka, ina kasoro. Pengine kile kidude kwenye tairi kimeingia tope."

"Na ikipepesa?"

"Ikipepesa si kasoro. Hapo inakwambia tairi linateleza. Saa ile ile."

"Jaku, gari limesimama juu ya saruji. Tairi linateleza wapi?"

Alijikuna shingo. "Kama ipo hapa na inapepesa, basi inateleza pahala pengine," alisema, akacheka peke yake, kisha akaona sicheki. "Nisamehe. Waya tu huo."

Halafu aliinama chini ya usukani, akagusa kitufe kidogo chenye maandishi ya Kijapani.

"Hiki wengi hawakijui. Kinazima ile akili ya kuteleza. Barabarani ni nzuri, inakulinda. Lakini ukizama kwenye tope inakuwa balaa. Weye wakanyaga mafuta, gari inaona tairi zinateleza, inakunyima nguvu. Wakanyaga, yakunyima. Anaejua, hubonyeza hapa, tairi zikachimba kwa nguvu zao, akatoka."

Pazia lilitikisika.

Nyuma yake nilisikia mtu akikaa chini kwa uzito, kisha sauti ya mdogo wangu, ndogo sana.

"Kumbe kulikuwa na kitufe."

Jaku aliangalia chini. Hakuwa anajua mwenye gari alifia vipi mle ndani. Mimi naye tuliangalia yale maandishi ambayo hakuna kati yetu, wala Mansour, aliyeweza kuyasoma. Nilitamani nimrudishe fundi kwao na maneno yake yote, lakini neno likishatoka halirudi.

Kabla hajaondoka nilimwambia aing'oe betri. Aliing'oa, akaipeleka jikoni na kuiweka chini ya meza ya mkaa. Gari bila betri ni kabati. Ufunguo ulibaki kwenye pindo langu. Siku hiyo nilimpikia Afra uji, akaunywa wote, na nikamuona ametulia hivi kwamba nikashukuru. Nilidhani amepona.

Magharibi nilikuwa natia udhu.

Nikasikia injini.

Haikuwa na sauti ya gari lililo uani. Ilikuwa mbali, kama inayotoka bondeni, ng'ambo ya mvua. Inapanda… inakatika. Inapanda… inakatika. Kisha nikapata harufu. Tope bichi, tope la shamba lililonyeshewa. Ilikuwa kiangazi, na uani kwetu ilikuwa saruji kavu.

Nilikimbia na miguu ya maji.

Taa ilikuwa inapepesa. Afra yumo ndani, mlango wake wazi, uso wake unaonekana kila taa ikiwaka, kisha haumo. Nilishika pindo la kanga yangu. Ufunguo ulikuwepo.

"Shuka," nilinong'ona. Sijui kwa nini na mimi nilinong'ona.

"Dada, msikie. Akanyaga mafuta. Linamnyima."

"Afra, mtizame mtoto wako."

"Nnamtizama baba yake. Wallahi sitaki kingine. Nimtoe tu kwenye tope, basi, nitashuka."

Nilimkamata mkono wa kulia. Kitufe alikibonyeza kwa wa kushoto.

Injini ilinguruma. Mara hii haikukatika. Gari lote lilitikisika, mabati ya uzio yakalia, na harufu ya tope ikajaa mpaka kooni. Nilimkumbatia Afra kwa mikono miwili, yeye na tumbo lake, nikasoma kila aya niliyokuwa nayo kifuani. Kitu kizito kiling'oka mahali, nilikisikia kwa masikio haya, ule mlio wa tope likiachia mguu.

Kisha kimya.

Taa ya njano ilikuwa imezimika. Afra alianza kulia na huku anatabasamu. "Katoka, Dada. Katoka." Na mimi, Mungu ananijua, nililia naye, kwa sababu nilikuwa nimempenda yule kijana kama ndugu yangu.

Nikamshusha. Nikafunga mlango wa gari kwa nguvu. Milango yote ilikuwa imefungwa.

Ndipo ilipowaka nyekundu.

Kigari kidogo chenye milango wazi. Afra alikuwa ameshafundishwa maana yake, na mimi hakuna aliyehitaji kunifundisha. Iliwaka kwa muda ambao mtu anatoa mguu mmoja, kisha wa pili. Ikazimika.

Hakuna mlango uliofunguka. Tulisimama pale tumeshikana. Adhana ya msikiti wa mtaa ilikuwa inamalizikia. Nje ya uzio, upande wa uchochoro, kitu kilikanyaga. Kilikanyaga kizito, kinanata kila hatua. Kilikuja mpaka kwenye mlango wa mabati, kikasimama.

"Afra."

Mara moja. Taratibu, kama anayeamsha mtu asimshtue.

Sisi tumelelewa hivi: ukiitwa, unasema naam. Mtoto wa kike wa kwetu anajifunza neno hilo kabla hajajua kufunga kanga, na akiolewa humwitikia mumewe hata akiwa usingizini. Niliona midomo ya Afra inafunguka. Nilikuwa nimeduwaa, mkono wangu haukunyanyuka. Lakini mwenyewe alichukua pindo la kanga, akalijaza mdomoni, akauma. Machozi yanamtiririka, macho ameyakodoa kwenye mlango ule, na kwa mikono miwili ameshika tumbo. Alimnyamazia kwa ajili ya mtoto. Sijapata kuona mtu akifanya jambo gumu kama lile, na sidhani kama mimi ningeweza.

Tulingoja.

Hakikuita tena.

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nataka kumwambia "alhamdulillahi, umeshinda," na nikamgeukia. Afra alikuwa amelitoa pindo mdomoni. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada…"

"Nini?"

Alichukua mkono wangu, akauweka tumboni. Mtoto alikuwa amegeuka, kageuka mzima mzima kuelekea mlangoni, na alipiga teke. Teke moja, la nguvu, kwa furaha.

"Dada, kaitika."

Baada ya hapo hakucheza tena.

Tulikwenda hospitali asubuhi yake na Bi Mwatum. Walimzalisha. Alikuwa mtoto wa kiume, nywele nyingi, paji la uso la Mansour hasa. Daktari alikuwa mtu mwema, alikaa nasi akatueleza: kitovu kilimzunguka shingoni, alipogeuka kikamkaza, jambo hili hutokea na si kosa la mtu. Ninamwamini. Kuhusu taa pia, Jaku alikuja mazishini akanieleza kwamba umeme hubaki ndani ya vyombo hata betri ikitoka, na hilo nalo nilimwitikia kwa kichwa. Alilivuta gari siku hiyo hiyo akaenda nalo, na sikumuuliza amelifanya nini.

Tulimzika mtoto ubavuni mwa baba yake.

Na kwa kuwa Afra alikuwa amejifungua, eda yake ilikwisha. Kina mama walikuja na udi na nguo mpya, kama desturi, wakamwogesha, wakamvisha, wakamwambia sasa ni huru, aweza kutoka. Alikaa katikati yao amependeza, mikono mitupu mapajani.

"Nitoke niende wapi?" aliwauliza.

Walipoondoka aliniegemezea kichwa begani. "Angalau Mansour hayuko peke yake," alisema. "Ana mwanawe."

"Ndiyo, mdogo wangu," nilimwambia. "Wako pamoja."

Alinishika mkono kwa nguvu sana, akanitazama, nami nikamtazama, kisha sote tukaangalia pembeni. Kwa sababu tangu alfajiri ya harusi yao Mansour hakumwita mkewe kwa jina. Alimwita bibi. Akiwa na furaha bibi, akiwa na hasira bibi, mbele ya watu na ndani ya nyumba, bibi. Neno Afra halikupata kutoka kinywani mwake.

Mimi najua hilo, na yeye anajua. Mwaka umepita, na mwingine. Tunapika, tunakula, tunafunga milango kabla ya magharibi, na hakuna kati yetu aliyewahi kulisema.