Mstari wa Mama Kwenye Fomu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa tatu na robo asubuhi, mbele ya dirisha namba mbili la ubalozi wa nchi yao, ugenini.

Siku hiyo Kalamu aliamka kama kawaida, akachemsha chai, akamkumbusha baba yake, fundi viatu, avae shati lisilo na gundi. Kalamu lilikuwa jina la utani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini jengo zima walimoishi lilimtegemea kujaza fomu.

Baba alikuwa na kibali cha kuishi ugenini daima. Ila pasipoti yake ilikuwa inaisha, na serikali ya kwao ilisema bila kitambulisho cha taifa hakuna pasipoti mpya. Na bila pasipoti, kibali nacho kinakufa. Maofisa wa vitambulisho walikuwa wamekuja ubalozini kutoka kwao kwa siku mbili tu.

Karani alipitisha macho kwenye fomu. "Mzee, umeandika mke yu hai. Mbona hukuja naye aweke dole?"

Baba akageuka taratibu kumtazama bintiye. Kalamu akainamisha uso.

"Mke wangu ana miaka mitatu kaburini," baba alisema. "Karatasi za kusafirisha maiti mlizigonga muhuri nyie wenyewe."

"Mimi naangalia fomu, na fomu ina uongo. Lete cheti cha kifo kesho kabla ya saa sita, la sivyo mpaka mwakani."

Njiani Kalamu alilia. "Nisamehe, baba. Mkono ulikataa kuandika 'marehemu'."

"Ukikataa, niite. Usiandike uongo ili ujifariji, mwanangu. Wakubwa wakikosea, wanasema mtandao uko chini. Sisi tukikosea, tunafungishwa virago."

Walipekua nyumba nzima. Cheti walikikuta ndani ya sanduku la nguo za mama.

Kesho yake Kalamu alitangulia dirishani. "Shikamoo. Kosa lilikuwa langu, si la baba. Nimejaza upya, kweli tupu."

"Marahaba. Umefanya vizuri kusema," karani alijibu. Baba akaweka vidole, akapigwa picha, akapewa risiti ya kitambulisho. Kalamu akashusha pumzi.

Kisha karani akaandika jina la mama kwenye kompyuta ili amfute. Akakunja uso, akavuta droo, akatoa kadi ya kitambulisho. Kwenye picha yake, mama alikuwa anatabasamu.

"Kumbe chake kilishatoka! Mbona hamkukichukua?"

Kalamu akasoma kwa sauti tarehe ya kupokelewa iliyobandikwa nyuma yake. Kadi ilifika miezi miwili kabla mama hajafa.

"Alikuwa anangoja hiki apate pasipoti, akatibiwe nchini kwetu," baba alisema. "Kila Jumatatu nilisimama hapahapa. Kila Jumatatu mkaniambia bado."

"Mimi nilikuwa sijahamia hapa, mzee."

Baba alimshika Kalamu begani. "Umeona, mwanangu? Wewe umekosea, ukaja ukasema mbele za watu. Ndivyo inavyotakiwa, uwe mdogo uwe mkubwa." Kisha akainama mpaka kwenye tundu la kioo. "Haya, na kwenu atasema nani? Ufunguo wa droo hii alikuwa nao nani?"