Neno Halilali Njiani

Kasuku alianza kuongea kabla jogoo hajanyamaza. Akifagia, aliongea na fagio. Akiosha vyombo, aliongea na sufuria. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili apate walau nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuwa umelisahau jina la binti huyo la shuleni, ukabaki na hilo la ndege.

"Huo mdomo wako haujui kuwa ni likizo?" mama yake alimwuliza asubuhi moja.

"Likizo ni ya shule, mama. Si ya mdomo."

Asubuhi hiyo Kasuku alikuwa akijaza upepo baiskeli aliyoachiwa na marehemu babu yake. Ilikuwa ya chuma kizito, na kiti chake kililia kama mlango mbovu. Watoto wa mtaa walikuwa wanaanza safari ndefu ya kundi, kwenda ziwani kwa baiskeli, wakilala katika madarasa ya shule za njiani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona ziwa, na kwa miezi mingi hawakuwa na hadithi nyingine.

Kiongozi wao alikuwa Tarishi, mwanamume aliyepeleka vifurushi vya ofisi kwa baiskeli na kujengeka miguu kwa kazi hiyo. Alikuwa amechukua likizo yake kazini kwa ajili ya safari hii. Binti yake aliitwa Sindano kwa wembamba wake. Yeye na Kasuku walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Sindano alikuwa na baiskeli nyepesi yenye gia, nayo Kasuku aliitamani mpaka akaiota.

Kabla ya kuondoka, Tarishi aliwapanga kwa mstari mmoja. "Wa mbele akiona shimo, aseme shimo," aliwaambia. "Wa pili amwambie wa tatu, wa tatu amwambie wa nne, mpaka mkiani. Aliye nyuma yako haoni kitu ila mgongo wako, kwa hiyo macho yake ni mdomo wako. Neno likikufikia, lipitishe. Neno halilali njiani."

"Hata kama nimechoka, baba?" aliuliza mvulana mmoja mnene, ambaye kwa mwendo wake walimwita Kobe.

"Hata kama unazimia. Lipitishe kwanza, ndipo uzimie."

Watoto walicheka. Kobe aliwekwa mbele ya Kasuku, na Sindano aliwekwa nyuma ya Kasuku, mkiani kabisa, kwa sababu alikuwa hodari kuliko wote.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Maneno yalipita mstarini mmoja hadi mwingine, shimo, kokoto, gari nyuma, na sauti ya Kasuku ilisikika kuliko zote. Kisha wakafika kwenye mlima mrefu. Baiskeli ya marehemu babu ikagoma. Kasuku alishuka akaisukuma, na alipodhani hakuna anayemwona, akalia. Sindano alimwona, maana alikuwa amebaki nyuma kumngoja.

Jioni, wakila, kila mtu alikuwa akisimulia ya mchana. Sindano naye akasimulia lake. "Mlimani Kasuku aliibembeleza baiskeli kama mtoto mchanga. 'Twende basi, twende,' na huku machozi yanamtoka."

Wote waliangua kicheko. Hata Tarishi alitabasamu. Sindano hakuwa na nia mbaya, ila utani una mahali pake, na pale hapakuwa mahali pake. Kasuku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kuanzia leo mimi na wewe hatusemezani," alimwambia Sindano pembeni. "Usinisemeshe, nisikusemeshe."

"Kasuku, ulikuwa utani tu."

"Umeshasikia."

Asubuhi Sindano alimkatia nusu ya mkate wake. Kasuku akamgeukia Kobe. "Mwambie huyo mimi nimeshiba," akasema, huku tumbo lake likinguruma mbele ya watu wote.

Walipoanza kushuka upande wa pili wa mlima, baiskeli zilikwenda kwa kasi na upepo ukawapiga usoni. Mara sauti ya Tarishi ikatoka mbele: "Shimo!" Ikapokewa, ikapokewa tena, ikamfikia Kobe, naye akaitupa nyuma: "Shimo!"

Kasuku alifungua mdomo. Akakumbuka kwamba yeye na Sindano hawasemezani, akaufumba. Ana macho, alijiambia, ataliona mwenyewe. Akalikwepa shimo, na hapohapo nyuma yake akasikia chuma kikigonga lami, kisha ukelele mfupi.

Sindano alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, ameukumbatia mkono wake wa kulia. Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Tarishi alikuja mbio, uso umembadilika. Alipokwisha kumfunga kwa vijiti na kanga, hofu yake iligeuka hasira, kama inavyowatokea wazazi wengi.

"Nilikufundisha nini? Masikio yako yalikuwa wapi?"

"Sikuambiwa, baba," Sindano alisema huku akilia. "Walahi sikuambiwa."

Tarishi alimtazama Kasuku. "Ulilipitisha neno?"

Kabla Kasuku hajajibu, Kobe alidakia. "Kasuku anyamaze, baba? Labda siku jua litakapochomoza magharibi."

Wengine walicheka kidogo. Kasuku alikuwa amepewa uongo bila hata kuuomba, alichotakiwa ni kuupokea tu. "Nilisema," akajibu. "Labda ni upepo."

Safari iliishia pale. Katika zahanati ya karibu Sindano alifungwa plasta nzito iliyopita kiwiko, kisha wote wakarudishwa nyumbani juu ya lori la mchanga, baiskeli zimerundikwa katikati. Ziwa lilibaki hukohuko liliko. Watoto walimkasirikia Sindano. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," mmoja alisema, na kabla lori halijafika mtaani walikuwa wameshampa jina jipya: Kiziwi. Jina likanoga midomoni mwao. Siku moja kisimani mtu alimwita hivyo, na Kasuku akacheka pamoja na wenzake. Alipofika nyumbani hakuweza kula.

Akaanza kuwa mkimya. Mama yake alisimamisha cherehani zaidi ya mara moja kumtazama.

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa," mama alisema. "Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama."

"Haya. Fumua mkono wa gauni hili. Ni la rafiki yako. Mkono wenye plasta hauingii, inabidi tuupanue."

Kasuku alifumua mshono uzi kwa uzi. Mama akaongeza kipande cha kitambaa, akapiga pasi, akampa alipeleke.

Alimkuta Tarishi uani, ameishusha baiskeli ya Sindano ukutani na kuifuta vumbi. Sindano alikuwa amesimama mlangoni.

"Umefika wakati mzuri," Tarishi alisema. "Baiskeli hii ichukue wewe. Ile ya babu yako imechoka, na huyu mwenzako nimeshasema, asiye na masikio barabarani hastahili magurudumu. Wewe unajua kupitisha neno."

Kasuku alishika usukani. Ulikuwa mwepesi vilevile alivyouota. Angeweza kusema asante, akaondoka nayo, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Breki ya nyuma haishiki vizuri," Sindano alisema kutoka mlangoni, bila kumtazama. "Usiitegemee mteremkoni."

Kasuku alimgeukia. Anayenyang'anywa baiskeli alikuwa anamwonya asianguke nayo. Akauachia usukani.

"Baba, sikusema," alisema.

"Hukusema nini?"

"Shimo. Neno lilinifikia. Nililisikia vizuri, lakini tulikuwa hatusemezani, nikanyamaza. Sindano hakuambiwa. Amekuwa akisema kweli tangu mwanzo."

Tarishi alikiweka chini kitambaa alichokuwa akifutia vumbi. Halafu akamgeukia binti yake. "Mwanangu, nimekufokea mbele ya watu. Nimewaacha wakakuita kiziwi. Nimekukosea. Nisamehe."

"Nilikwambia, baba," Sindano alisema. Alilichukua gauni mikononi mwa Kasuku, akaingia ndani.

Kasuku alilia. Tarishi hakumbembeleza, wala hakumfokea.

"Nisikilize," alisema. "Watu hugombana. Mimi na ndugu yangu tumewahi kununiana mpaka msiba ukatupatanisha. Mtu unaweza kumnyima salamu, ukamnyima na utani wako. Lakini onyo huwezi kumnyima, kwa sababu si lako. Ni lake, limepita tu mdomoni mwako. Ukilizuia, umemwibia. Kisha ukaongeza uongo juu yake, ukamvunja mahali pengine ambapo hapafungwi plasta. Kasi ya miguu nitakufundisha. Ukweli utajifundisha mwenyewe, na utaanza leo. Nenda nyumba kwa nyumba, uwaambie wote kama ulivyoniambia mimi."

Alikwenda. Alianza kwa mama yake, naye akamfuata hatua chache nyuma, akisikiliza kwenye kila mlango. Wengine walimzomea. Kobe aliinamisha kichwa, akasema, "Hata mimi nilikusaidia kudanganya." Jina la Kiziwi likafa, na hakuna aliyempa Kasuku jina jipya. Hilo la ndege lilimtosha kumwuma.

Plasta ilipotolewa, kiwiko cha Sindano hakikunyooka sawasawa kama zamani. Ziwani hawakwenda tena, kwa kuwa likizo ya Tarishi ilikuwa imekwisha. Aliwachukua kwenye safari fupi tu ya kuzunguka mji. Safari hii alimweka Sindano, juu ya baiskeli yake mwenyewe, mahali pa Kasuku, na akampeleka Kasuku mkiani, nyuma ya Sindano, pale ambapo mtu haoni kitu ila mgongo wa mwenzake.

Tangu siku ya breki, Sindano hakuwa amemsemesha Kasuku hata kwa salamu. Kasuku aliendesha akiutazama mgongo ule mwembamba na kiwiko kile kilichopinda. Sauti ikatoka mbele, ikapokewa, ikapokewa tena.

"Shimo," Sindano alisema, kwa sauti ya kutosha, bila kugeuka.

Kasuku alikwepa, akapita salama. Alingoja asikie neno jingine, lolote lile, mpaka walipofika nyumbani. Halikuja.