Chungu Kisicho na Mdomo

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mambo haya yalimpata shangazi yangu, dada yake baba, na mengine niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Wala msidhani yalitokea usiku. Yalitokea mchana kweupe, redio ya jirani ikipiga kelele.

Shangazi ni fundi cherehani. Ameshona miaka thelathini, hana mume, hana mtoto, ana mkono wake wa kulia. Mwenyewe husema, "Mkono huu ndio mume wangu, na haujawahi kunirudia umelewa." Mwaka ule akapata hamu ya kujifunza kufinyanga. Nikamuuliza, umri huo unatafuta nini kwenye matope? Akanijibu kwamba maisha yake yote ametengeneza vitu kwa vipimo vya watu, sasa anataka kutengeneza kitu kimoja kisicho na kipimo cha mtu. Jumamosi tukaenda wote, mimi kama msindikizaji tu.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba ya mfinyanzi: chumba kirefu, meza mbili, rafu ukutani, tanuru uani. Mfinyanzi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, sauti ya chini. Alimpa shangazi donge la udongo, akamwonyesha kulikanda mpaka hewa yote itoke. Kisha ulifanye tufe, uzamishe dole gumba katikati, uzungushe huku unafinya. "Taratibu, dada," alimwambia. "Udongo uwahi ungali maji, lakini usiufokee."

Chungu cha kwanza kilitoka kimelalia upande, ukuta mmoja mnene kama kisigino. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kizuri chajiuza," nikamtania.

"Na kibaya chajitembeza. Basi hiki kitatembea mpaka kwenu!" Akakiweka rafuni kwa maringo.

Ndivyo tulivyokwenda wiki tatu. Alijifunza kusokota kamba za udongo, kuzipanga duara juu ya duara, kuzikwaruza kwa uma na kuzipaka uji wa udongo ili zishikane. Na kulikuwa na sheria moja mfinyanzi aliyoirudia kila tulipokwenda: ukifunga kitu chenye uwazi ndani, kitoboe, la sivyo kitapasuka tanuruni na kuvunja vya wenzako. Vyungu vya shangazi viliendelea kuwa na sura mbaya, na shangazi hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Wiki ya nne tulikuta udongo wa wanafunzi umekauka. Pembeni palikuwa na pipa lililofunikwa kwa gunia bichi. Mfinyanzi alilitazama kitambo, kisha akafunua, akamchotea shangazi donge kubwa.

"Huu wa mama yangu marehemu," alisema. "Aliuloweka kwa mkono wake."

Shangazi aliupokea, akanitazama. Ulikuwa na vuguvugu.

Siku ile alifinyanga mtungi. Si chungu, jamani, mtungi: tumbo la mviringo, shingo nyembamba, mdomo uliokunjwa nje. Na hakuutazama hata mara moja! Alikuwa akinisimulia habari za mteja wake mmoja mkorofi, huku mkono wa kulia ukifanya kazi peke yake. Mara hii sikucheka. Nilipogeuka, nilimwona mfinyanzi amesimama mlangoni, machozi yanamtiririka. Nikadhani ni furaha ya mwalimu.

Kwenye shingo ya mtungi palikuwa na alama ya dole gumba, yenye mstari wa kovu katikati. Dole la shangazi halina kovu. Akailainisha kwa maji. Jumamosi iliyofuata tuliikuta palepale. Akailainisha tena, akavuta kiti, tukakaa tukiitazama.

Ikarudi. Mbele yetu. Udongo ulibonyea polepole, bila mtu.

"Umeona?" akaninong'oneza.

"Nimeona."

"Basi sijapata wazimu," akasema, akaenda kunawa mikono.

Jumatatu alikuwa kwake, anashona sare za shule. Katikati ya mshono, mkono wa kulia ukaachia kitambaa. Ukashika ukingo wa shati, dole gumba ndani, vidole nje, ukaanza kuuzungusha na kuufinya, kuuzungusha na kuufinya. Aliuamuru uache. Haukuacha. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, akaukalia. Alinipigia simu akiwa ameukalia vilevile.

Nilimkuta akihema. Alinionyesha ukucha wa dole gumba: umepata ufa, kutoka juu hadi chini. Kisha akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Kitu anachokifanya huku akisinzia! Mkono haukujua. Uliishika ile sindano kama kitu cha kigeni, ukaiangusha. Sijawahi kumwona shangazi yangu akiogopa, lakini siku ile aliogopa, na hofu yenyewe ikamtia hasira.

"Mwanangu, mkono huu ukienda, na mimi nimekwenda. Siuachi kwa mtu ambaye hata salamu hajanipa."

Tulikwenda kwa mfinyanzi saa ileile. Hakukana. Alisema mama yake alikatwa dole na waya wa kukatia udongo katika ujana wake, akabaki na kovu. Alisema wanafunzi wawili kabla ya shangazi waliujaribu udongo ule, wakakimbia.

"Wewe mkono wako umemkubali," alinong'ona. "Nilimkumbuka tu, dada yangu. Mwezi mmoja zaidi, mama atakuwa amerudi mzima. Usipigane naye. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi si mshindani," shangazi akamjibu. "Mimi ni mwenye mali. Pole kwa kufiwa, na mkono huu ni wangu. Sasa lete udongo wote uliobaki."

Pipani palikuwa na madonge mawili tu. Akauponda na ule mtungi, akavikanda pamoja. Alikuwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Akaniambia niitumie kumfunga mkono wa kulia kiunoni, nikakaza mpaka nikaogopa kumuumiza. Akaanza kufinyanga chungu kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa upuuzi mtupu: kamba nene, kamba nyembamba, tumbo limebenuka. Na kila alipokipinda, ukuta wa chungu ulijinyoosha wenyewe. Naye anaupinda tena.

"Kaa hivyohivyo, mbaya! Mimi nimekutaka mbaya."

Ndipo alama zikaanza ndani ya chungu. Moja. Mbili. Kumi. Mtu alikuwa akilainisha kuta kwa ndani, kwa haraka, kwa ghadhabu, kama fundi aliyeona kazi imeharibiwa. Shangazi alisubiri. Alama zilipojaa mpaka chini, alibandika kipande cha udongo juu ya mdomo, pa! Akakwaruza, akapaka uji, akaziba.

Tukasikia kidole kinasugua. Ndani.

"Kitoboe," mfinyanzi akanong'ona. "Utamkosesha pumzi."

"Alishaikosa," shangazi akasema.

Siku kumi kilikauka, na siku zote kumi shangazi alikwenda kukaa nacho, mkono wa kulia ukining'inia kama mkono wa koti. Wateja walianza kudai nguo zao, akawaambia waende kwa wengine, na neno hilo lilimtoka kwa taabu. Kila siku msuguo ule ulizidi kuwa mkavu. Siku ya kumi ukanyamaza.

Kilichomwa peke yake, bila chungu cha mtu mwingine. Tanuru liliwashwa alfajiri. Saa nne, saa sita, saa nane: tunasubiri kipasuke, maana kila mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kitapasuka. Mfinyanzi alikaa mbali, amejifunika uso. Shangazi alikaa mbele ya tanuru, jasho linamtoka, sindano katika mkono wa kushoto, uzi katika mkono wa kulia. Anajaribu. Inashindikana. Anajaribu.

Saa tisa tukasikia mlio mdogo. Tik.

Uzi ukapita.

Shangazi yangu alilia kwa sauti, jamani. Alishonashona ukingo wa kanga yangu palepale, mishono midogo iliyonyooka, huku akiubusu mkono wake mwenyewe.

Kesho yake tanuru lilipopoa tulikitoa. Chungu kilikuwa kizima, kibaya kama alivyokitaka. Ila ubavuni kilikuwa na tundu, upana wa dole gumba. Kingo zake zilikuwa zimesukumwa kwa nje, laini, zimekunjika kama udongo mbichi. Na udongo ule ulikuwa mkavu kama mfupa ulipoingia motoni! Ukiusukuma udongo mkavu unavunjika, haukunjiki. Mwulizeni mfinyanzi yeyote. Wetu alitazama pembe za ua moja baada ya nyingine, akaita "Mama?" kwa sauti ya mtoto, nasi tukaondoka.

Mkono wa shangazi umerudi, na wateja wamerudi. Ufa wa ukucha umebaki. Chungu amekiweka kando ya cherehani, na tundu ameliziba kwa kizibo cha udongo usiochomwa, kilichopinda, alichokifinyanga mwenyewe. Asubuhi hukikuta kizibo sakafuni. Hukirudisha. Nimemwomba mara ngapi akitupe chungu kile! Hunijibu, "Nitupe kazi yangu kwa ajili ya nani?"

Wiki iliyopita nilikuwapo. Kizibo kilikuwa sakafuni tena, lakini safari hii kimenyooka, duara kamili, na juu yake alama ya dole lenye kovu. Shangazi alikiokota, akakitazama mbele na nyuma. Akakiloweka kwenye kikombe cha maji ya kupigia pasi mpaka kikalainika, akakipinda upya kwa mkono wake wa kulia, akakishindilia tunduni.

"Atachoka yeye," akasema, akakanyaga cherehani.