Kinyozi Aliyekataa Kuinua Paneli

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya nyumba ninayoijua vizuri, maana nimenyolewa humo miaka kumi na mmoja. Iko mwisho wa mtaa, nguzo za umeme zilipokomea. Chumba cha mbele kinyozi ananyoa, cha nyuma mkewe alikuwa akishona. Juu ya bati walikuwa na paneli mbili za sola, na wakati wa joto zilitosha kila kitu: mashine ya kunyolea, taa, televisheni ya wateja, na ile mashine ndogo inayotoa mvuke wa dawa, ambayo mke aliitumia asubuhi na jioni kwa sababu ya pumu. Watu wale walipendana. Nasema nilichokiona.

Kisha msimu wa baridi ukaingia. Siku zikafupika, jua likawa linapita chini pembeni mwa anga, na kivuli cha tangi la maji la jirani kikaanza kulala juu ya paneli mpaka karibu saa sita. Taa zikafifia. Televisheni ikawa inazimika katikati ya mechi, na wateja wakamtania kinyozi kwamba kwake magoli yanafungwa gizani.

Binti yao, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alikuja likizo. Alipanda juu, akashuka, akamweleza baba yake kwamba paneli zimelala mno. Ziinuliwe zilielekee jua la msimu huu, zisogezwe zikwepe kivuli, zifutwe vumbi kila asubuhi, na televisheni ipumzike mpaka joto lirudi. Kinyozi hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa cha mteja.

"Mwanangu, jua wewe umelisoma," akasema. "Mimi nimeliota kabla hujazaliwa."

Tukacheka. Ndiyo, nilikuwemo. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, kwa mwalimu mdogo kuliko kifungua mimba wangu, na sikupungukiwa kitu. Nilipaswa kumwambia rafiki yangu hivyo. Nikacheka pamoja naye.

Binti akarudi chuoni, kinyozi akafanya lake. Ukutani palikuwa na kisanduku kidogo, kontrola, ambacho kazi yake ni kukata umeme betri inapokaribia kuisha, isije ikafa. Kwake kisanduku hicho kilikuwa adui wa mpira. Akachomoa nyaya za televisheni, akazifunga moja kwa moja kwenye betri, akajisifu kwamba ameongeza umeme. Alikuwa ameongeza matumizi tu. Mkewe akamwuliza kama mashine yake haitakosa umeme.

"Mama watoto, mimi nicheze na pumzi yako?" akamjibu. Na alimaanisha.

Jumamosi moja, siku ya tatu ya ukungu, chumba kilijaa watu wa mpira. Kipindi cha pili televisheni ikazimika, na safari hii taa pia. Tulikuwa bado tunalalamika mlango wa kati ulipofunguka. Mkewe alisimama ameshikilia fremu, mabega yakipanda na kushuka, mashine kifuani, kidole kikibonyeza swichi tena na tena. Hakuwa na pumzi ya kusema neno. Kinyozi alihangaika na nyaya, akaipiga betri kwa kiganja, akaiomba kama mtu. Ilikuwa imekufa. Dawa ilikuwa tayari imepimwa kwenye kikombe chake. Kilichokosekana ni umeme wa dakika kumi.

Tulimpakia kwenye gari la muuza mkaa. Hospitali ni mbali. Alifika akiwa mikononi mwa mumewe, na daktari akatuambia tumechelewa.

Siku ya pili baada ya mazishi, binti alipanda juu ya bati na vipande viwili vya mbao. Akazisogeza paneli, akaziinua, akazifuta. Ilimchukua nusu saa. Akafunga betri ya kuazima, na jua la siku ile moja, tena la baridi, likaijaza vizuri. Akaiwasha mashine ya mama yake. Ikanguruma, mvuke ukatoka, na hapakuwa na wa kuuvuta.

"Ni hivyo tu?" kinyozi akauliza.

"Ni hivyo tu, baba."

Akakaa sakafuni, palepale penye nywele za wateja, na mimi sikujua pa kuweka macho yangu.

FUNZO

Rafiki yangu hakuwa mlevi wala mkatili. Aliona aibu kufundishwa na mtoto wake mbele za watu, basi. Wenye sola, baridi ikiingia inueni paneli zilifuate jua, ondoeni kivuli, punguzeni matumizi, na kontrola ikikata umeme msiiruke. Mgonjwa kwanza, burudani baadaye. Na wazee wenzangu, kijana akikueleza jambo analolijua, pima maneno yake, umri wake uache. Mimi niliyecheka nayaandika haya leo kwa sababu sikuyasema siku ile, yalipokuwa bado yanaweza kumwokoa mtu.